Nani Aipimie Mashine? Ukokotozi wa Kimageuko na Ujifunzaji wa Kihehe



Nimeombwa nizungumzie, hapa Kalenga, utafiti wa namna mashine zinavyojifunza lugha, hasa lile tawi linaloitwa ukokotozi wa kimageuko. Mada hii huweza kuzungumzwa siku nzima bila kutaja lugha yoyote ya watu walioketi ukumbini. Mimi nitaizungumza kwa mifano ya Kihehe na Kiswahili, kwa sababu nina hoja moja tu na hoja hiyo inahusu lugha za hapa: mashine hujifunza kile ambacho kipimo chake kinakisifu, na kipimo hicho lazima kishikwe na wenye lugha.

Mwaka 2022 kampuni ya Meta ilitoa modeli ya kutafsiri inayomudu lugha 200. Kiswahili kimo. Kihehe hakimo, wala Kibena, wala Kinyakyusa. Atlasi ya Lugha za Tanzania, iliyotolewa na Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2009, iliorodhesha lugha zaidi ya 150 nchini, na karibu zote ziko katika hali hiyohiyo. Modeli za siku hizi hulishwa maandishi kwa mamilioni ya sentensi. Maandishi ya Kihehe yaliyochapishwa ni machache, ingawa yalianza zamani. Sarufi ya Kihehe ya Carl Velten ilichapishwa Berlin mwaka 1899, mwaka mmoja tu baada ya kifo cha Mkwawa, mtawala wa Wahehe, na mwaka uliofuata ukatoka mkusanyo wa maneno wa Cassian Spiss, mmisionari Mbenediktini. Vyote viwili viliandikwa kwa Kijerumani, kwa ajili ya wasomaji wa Ujerumani. Anayesubiri Kihehe kijaze intaneti ndipo mashine ianze kujifunza atasubiri sana. Ndiyo maana naona vema turudi kwenye njia ya zamani kidogo, njia inayoanzia kwenye orodha ya maneno na kompyuta ya kawaida.

Ukokotozi wa kimageuko ulichipuka miaka ya 1960. Ingo Rechenberg na wenzake mjini Berlin waliutumia kutafuta maumbo bora ya vyombo vya kihandisi. Nchini Marekani, Lawrence Fogel alikuza vijimashine vidogo vya kimantiki vilivyotakiwa kubashiri alama inayofuata katika mfuatano wa alama. Vilivyobashiri vizuri vilibakizwa na kubadilishwabadilishwa, vilivyoshindwa vilitupwa. Kitabu chake na wenzake kilitoka mwaka 1966. Kubashiri kinachofuata ndiyo kazi hasa ya modeli kubwa za akili mnemba zinazotushangaza leo, kwa hiyo ndoa ya mageuko na lugha si jambo la jana. Mwaka 1975 John Holland wa Chuo Kikuu cha Michigan akaandika kitabu kilichoipa algorithimu ya kijenetiki msingi wake: una kundi la majibu ya kubahatisha, unayapima, unayachanganya yale bora mawili mawili, unabadilisha kipande hapa na pale, kisha unapima tena, kizazi baada ya kizazi.

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini hatuhitaji maelezo marefu hapo. Mkulima anayechagua magunzi ya mbegu, na mtafiti wa kilimo wa Uyole anayezalisha mahindi chotara, wote wanajua kwamba ukichagua kwa ukubwa wa punje utapata punje kubwa, hata kama unga wake si mtamu na ghalani haudumu. Mahindi hayakukudanganya. Yamekupa ulichokipima.

Tazameni sasa jinsi jambo hili linavyofanya kazi katika lugha. Mwaka 1997 Dimitar Kazakov alipendekeza algorithimu ya kijenetiki ifundishwe kukata maneno bila mwalimu. Unaipa orodha ya maneno tu. Kila neno likatwe mahali pamoja, upande wa mbele na upande wa nyuma. Vipande vyote vya mbele viandikwe katika orodha moja, kila kimoja mara moja tu, na vya nyuma katika orodha ya pili. Kisha hesabu herufi za orodha zote mbili. Mkato unaotoa herufi chache zaidi ndio unaoshinda.

Chukua maneno manne: anasoma, anapika, walisoma, walipika. Yasipokatwa yana herufi 30. Ukikata baada ya kiambishi cha nafsi, a-nasoma, a-napika, wa-lisoma, wa-lipika, unabaki na a, wa, na vipande virefu vinne: jumla herufi 27. Ukikata ana-soma, ana-pika, wali-soma, wali-pika, unabaki na ana, wali, soma, pika: herufi 15. Mashine isiyojua neno hata moja la Kiswahili imefika mahali ambapo mwanafunzi wa sarufi angefika, kwa kufuata ubahili wa herufi peke yake.

Mageuko yanahitajika kwa nini basi, kama hesabu ni rahisi hivyo? Kwa sababu hata maneno hayo manne yana njia 1,764 za kukatwa kama kila neno litakatwa mahali pamoja tu. Maneno 100 yenye nafasi saba saba yana njia ambazo idadi yake ni namba ya tarakimu 85. Hakuna kompyuta itakayozijaribu zote. Algorithimu ya kijenetiki haizijaribu zote, inazaa kutoka kwa zile zinazoelekea kufaa.

Hapo ndipo uzuri na hatari vinapokutana. Kipimo cha herufi kinapokutana na mtu, mti na mkate, kinaona m- moja na kuridhika, kwani ni nafuu. Kwa msemaji hizo ni ngeli mbili, na tofauti inajitokeza neno linapopata jirani: mtu amekuja, mti umeanguka. Orodha ya maneno haina majirani. Kipimo hiki cha herufi, kikilishwa orodha tupu, hakitaiona tofauti hiyo, hata kikipewa vizazi elfu.

Kihehe kina mtego mkali zaidi, nao umeandikwa. Mwaka 1985 David Odden na Mary Odden walichapisha makala kuhusu urudufishaji wa vitenzi vya Kihehe, na makala hiyo imejadiliwa na wanaisimu duniani kote. Kitenzi kuhata, yaani kuchacha, hurudufishwa kuwa kuhatahata, yaani kuanza kuchacha: ku- inabaki mbele na shina ndilo linalorudiwa. Lakini kitenzi ambacho shina lake linaanza na irabu, kama kwita, yaani kumimina, hutoa kwitakwita, yaani kumimina kidogo. Hapo ku- imekwisha kuungana na irabu ya shina, basi inarudiwa nayo. (Nimeandika bila kuonyesha toni wala urefu wa irabu. Wazee mtanisahihisha matamshi.) Kipimo cha herufi hakijui kurudia. Kitaihifadhi hatahata kama shina jipya lisilohusiana na hata. Ukikifundisha kutambua marudio, kitafika kwenye kwitakwita na kuamua kwamba shina ni kwita. Mtoto wa Kalenga hafanyi kosa hilo, kwa kuwa amesikia kitenzi hicho kikinyambuliwa kwa namna nyingine nyingi.

Zipo njia nyingine, nami sizidharau. Mwaka 2005 John Goldsmith wa Chicago na wenzake walitumia Kiswahili kuonyesha mbinu inayopanga maneno mawili mawili na kutazama yanapolingana na yanapoachana. Iliweza kuona viungo vingi ndani ya neno moja, jambo ambalo mkato mmoja wa Kazakov hauliwezi. Arvi Hurskainen wa Helsinki alichukua njia ya tatu. Tangu miaka ya 1980 alizijenga kanuni za Kiswahili kwa mkono, na mfumo wake wa SALAMA unachambua maneno ya Kiswahili kwa ustadi ambao mashine zinazojifundisha zilihangaika kuufikia. Kazi hiyo imemchukua sehemu kubwa ya maisha yake, kwa lugha moja. Kwa lugha 150 hatuna akina Hurskainen wa kutosha, na ndiyo maana naitetea njia ya mageuko, kwa sharti moja.

Sharti ni kwamba kipimo kiwe na sikio la msemaji. Wataalamu wa fani hii wanaijua njia ya binadamu kukaa mahali pa kipimo: mashine inatoa mapendekezo, mtu anachagua, kizazi kinachofuata kinazaliwa kutokana na alichochagua. Tatizo lake linajulikana pia, mtu huchoka. Hakuna mzee atakayeketi kuamua mikato elfu kumi, wala si heshima kumwomba. Pendekezo langu la kwanza ni mashine iachwe ipime yenyewe kwa herufi, kisha impelekee msemaji yale maneno tu ambayo majibu bora ya kundi yanagombana juu yake. Majibu yote bora yakikubaliana juu ya neno, tusimsumbue mtu. Yakigawanyika, kama yatakavyogawanyika kwenye kwitakwita, hapo ndipo tumsikilize. Saa moja ya mzee kwa mtindo huo inaweza kufundisha kuliko rundo la maandishi.

Pili, tusianze na kundi la kubahatisha. Kihehe na Kibena ni ndugu wa karibu. Kibena kina sarufi kamili ya Michelle Morrison ya mwaka 2011, na mjini Mbeya shirika la SIL limekuwa likifanya kazi ya tafsiri kwa pamoja katika lugha kadhaa za ukanda huu, zikiwemo Kibena, Kimalila, Kinyiha na Kisafwa, ili la lugha moja liisaidie jirani yake. Kizazi cha kwanza cha mashine kizaliwe na kanuni za Kibena, halafu Kihehe kikirekebishe. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa na wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya wanaweza kuifanya kazi hii kwa kompyuta walizonazo.

Tatu, sauti. Kihehe ni lugha ya toni, na toni haimo katika maandishi ya kawaida. Orodha yetu ya maneno ya Kihehe lazima irekodiwe. Sauti ya mtu ni taarifa binafsi, na tangu mwaka 2022 nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, hivyo kila atakayerekodiwa aelezwe na aridhie kwanza. Napendekeza rekodi halisi zihifadhiwe hapa Kalenga, na watafiti wa nje wapewe nakala kwa masharti. Fuvu la Mkwawa, lililopelekwa Ujerumani, lilirudi hapa mwaka 1954, baada ya zaidi ya nusu karne na baada ya kutajwa hata katika Mkataba wa Versailles. Wahehe hawana sababu ya kukubali tena kwamba kilicho chao kikae ng'ambo na wao wawe waombaji.

Ninachoomba tukijadili baada ya chai ni orodha yenyewe. Ningependa ianze na vitenzi, vile vinavyoanza na irabu vikiwa vingi, kila kimoja kirekodiwe katika njeo kadhaa, peke yake na ndani ya sentensi, na kikiwa kimerudufishwa. Na tuamue matamshi ya wapi yatangulie. Msemaji wa Kilolo na wa Mufindi hatatamka kila neno kama wa Kalenga, na mashine itakayofundishwa na kijiji kimoja itawahesabia wengine makosa. Mimi naelekea kutaka wasemaji wa sehemu zote tatu waingie tangu siku ya kwanza, hata kama kazi itakwenda polepole. Wapo humu wanaofikiri tuanze na Kalenga peke yake, na ningependa kuwasikia.