MTU AKIANGUKA NA KUZIMIA: MAMA, UMEONA NINI?

Mukae vizuri, mwenye kunyonyesha anyonyeshe. Mafundisho ya leo si marefu, lakini ni ya lazima kwa kila nyumba.

Leo tunazungumza juu ya mtu anayeanguka ghafula na kupoteza fahamu. Pengine ni mtoto mwenye homa. Pengine ni dada yako mwenye mimba. Pengine ni bwana wako: asubuhi alikuwa mzima, sasa amelala chini, unamwita, hajibu. Watu wanakimbia, wanalia, kila mtu anasema neno lake. Mmoja anasema amelogwa. Mwingine anasema ni sumu. Wa tatu anasema eti ni ugonjwa wa ukoo wao. Kisha mgonjwa anaamka na kuuliza: "Nilikuwa na nini?" Hakuna anayeweza kumjibu.

Mama, ushike neno hili moja: mtu aliyezimia hawezi kusimulia yaliyompata. Wewe uliyekuwa pale ndiwe macho yake na kinywa chake. Munganga hakuona. Mara nyingi mgonjwa akifika hospitali ameisha kuamka, anaonekana mzima, hata damu yake inaweza kuwa sawa. Habari unayoleta wewe ndiyo mwanzo wa jibu.

KWANZA, UMSAIDIE

Umwondoe karibu na moto, maji na barabara. Umlaze kwa ubavu, ili mate na matapishi yatoke nje, yasimzibe pumzi. Ulegeze nguo ya shingoni. Uweke kitambaa chini ya kichwa. Uwaambie watu wasimzunguke, apate hewa.

Hapana kutia kijiko wala kijiti katikati ya meno: kinavunja meno na kinaweza kumkaba. Hapana kumshika kwa nguvu ili asitetemeke. Hapana kumnywesha maji, dawa ya majani au mafuta: vinaingia katika mapafu. Hapana kumchoma kwa moto wala kumchanja. Na usimwogope, kwani mate ya mtu wa kifafa hayaambukizi kifafa. Wengi wamekufa au wameungua vibaya jikoni, kwa sababu tu jirani waliogopa kuwagusa.

Mtetemo ukipita dakika 5, au ukirudi kabla hajaamka, usingoje. Tafuta pikipiki, tafuta machela, uende mara moja. Ukiwa na mtoto mdogo mwenye homa, au mama mwenye mimba, usingoje hata kama ameamka.

PILI, UTAZAME NA UKUMBUKE

Tusikilize wamama wawili wakiongea na muuguzi. Wa kwanza anaulizwa: "Mama, mtoto amekuwa namna gani?" Anajibu: "Alianguka tu. Wanasema ni watu wa jirani." Muuguzi atafanya nini na jibu hilo?

Wa pili anajibu: "Mtoto alikuwa na homa tangu jana jioni. Leo, nikipika, macho yaligeuka juu, mikono yote miwili na miguu ikakauka, kisha ikatetemeka. Ilidumu kama muda wa kwenda kisimani hapa karibu na kurudi. Alijikojolea. Baadaye alilala sana. Tulitoka Kasindi siku kumi zimepita." Mama huyu hajasoma unganga, lakini amempa muuguzi karibu nusu ya kazi.

Basi, ukumbuke mambo haya:
1. Alikuwa anafanya nini kabla ya kuanguka? Alisimama sana? Hakula? Alikuwa anakimbia?
2. Alisema anaona giza, au anasikia kizunguzungu, au alianguka bila kusema kitu?
3. Mwili ulilegea au ulikauka? Ulitetemeka upande mmoja au yote miwili?
4. Uso ulikuwa na rangi gani? Macho je?
5. Ilidumu muda gani?
6. Alijiuma ulimi? Alijikojolea?
7. Alipoamka alikujua mara moja, au alichanganyikiwa?
8. Ana homa, mimba, kisukari? Alikunywa dawa gani, hata ya majani?

Lete ile dawa, au karatasi yake. Lete fishi ya kilo ya mtoto, au fishi ya mimba. Kama jirani ndiye aliyeona, uje naye. Na ukisema umempa dawa ya kienyeji, munganga mzuri hatakukaripia. Anataka kujua tu.

TATU, SABABU NI NYINGI

Malaria. Kwa mtoto mwenye homa ndiyo tunayotafuta kwanza. Butembo iko juu milimani, meta zaidi ya 1,700, kuna baridi na mbu ni wachache. Ukishuka na mtoto upande wa Beni, Mutwanga au bonde la Semuliki, mbu ni wengi, na mwili wa mtoto wa milimani haujazoea malaria. Ikipanda kichwani anaweza kuzimia na kufa kwa siku moja au mbili. Lakini dawa iko. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2010, juu ya watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, pamoja na Kongo yetu, ulionyesha kwamba kati ya watoto 1,000 waliotibiwa kwa kinini walikufa karibu 109. Waliochomwa sindano ya artesunati walikufa 85. Sindano hiyo inasaidia mtoto aliyefika mapema. Tena mtoto mwenye homa na shingo ngumu, au utosi uliovimba, anaweza kuwa na ugonjwa wa utando wa ubongo. Huo pia haungoji kesho.

Mimba. Mama mwenye mimba ya miezi zaidi ya mitano, anayeumwa kichwa sana, anayeona ukungu, aliyevimba uso, anaweza kupata kifafa cha mimba. Kinaweza kuja hata siku za kwanza baada ya kuzaa. Hicho si ulozi, ni damu yenye nguvu mno. Ndiyo maana tunapima tansio kila ukija. Mwaka 2002 uchunguzi juu ya wamama zaidi ya 10,000 ulionyesha kwamba sindano ya manyezi inapunguza hatari hiyo zaidi ya nusu. Na mwanamke aliyekosa damu ya mwezi, anayeumwa tumbo la chini kisha anazimia, anaweza kuwa na mimba iliyokaa nje ya kizazi na kupasuka. Anatoka damu ndani, hauioni. Mbio hospitali!

Moshi wa makala. Wamama wa Butembo, hili ni letu. Usiku wa baridi watu wanaingiza mbabula chumbani na kufunga dirisha. Makala hata yasiyotoa moshi wa kuonekana yanatoa hewa yenye sumu, haina harufu. Watu wawili au watatu wa nyumba moja wanaamka na kichwa, wanatapika, wanazimia. Watu wanasema: "Nyumba nzima imelogwa!" Na kumbe mbabula iko pale pembeni. Fungua mlango, watoe wote nje, uwapeleke hospitali. Na usilale na mbabula ndani.

Njaa, jua na kusimama sana. Mtu anatoka jasho, anaona giza, analegea, anaanguka, na baada ya dakika moja au mbili amekwisha kupata akili. Mara nyingi si hatari. Umlaze chali, uinue miguu yake. Lakini kama inarudi apimwe, kwani pengine damu imepunguka, au sukari ya damu imeshuka. Na mtu anayezimia akikimbia, au anayezimia bila dalili yo yote, apimwe moyo.

NNE, KIFAFA

Mtu akianguka mara mbili au zaidi, bila homa na bila sababu nyingine, munganga atafikiri juu ya kifafa. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Kinaweza kuja baada ya uzazi mgumu, malaria ya kichwa, au pigo la kichwani. Kinaweza kuja kwa mdudu wa nguruwe: mayai ya tegu yanatoka katika choo cha mtu, yanaingia kinywani kwa mikono michafu, na wadudu wanakaa katika ubongo. Kwa hiyo choo, sabuni na nyama ya nguruwe iliyoiva ni dawa pia. Hapo Ituri, jirani zetu, waganga wameona kwamba kifafa ni kingi katika vijiji vya karibu na mito ya kasi, kule inzi wadogo weusi wanapoeneza ugonjwa wa upofu wa mtoni. Wakigawa vidonge vya Mectizan kijijini kwako, umeze.

Kifafa kina dawa. Shirika la Afya Duniani linasema watu 7 kati ya 10 wanaweza kukaa bila kuanguka, wakipata dawa inayofaa na kuimeza sawasawa. Dawa ni ya kila siku, kwa miaka. Hapana kuiacha kwa ghafula kwa sababu mtoto amepona mwezi mmoja. Ataanguka vibaya kuliko zamani. Ukipata mimba usiache dawa, lakini uje upesi umwambie munganga, kwani dawa moja, valproate, inaweza kuharibu mtoto tumboni. Mtoto wa kifafa aende masomoni, ale pamoja na wenzake, ila asiachwe peke yake kwa moto wala mtoni.

TANO, JIBU LISIPOPATIKANA SIKU ILE

Pengine munganga atakuambia: "Mama, leo sijaona sababu." Usikate tamaa, na usiseme: "Basi, si ugonjwa wa hospitali." Kutopata jibu siku ya kwanza si ushahidi wa ulozi. Kuna magonjwa yanayojionyesha polepole. Uombe waandike kwenye fishi yale yaliyopimwa, kisha uliza maneno matatu: Munadhani ni nini? Nifanye nini ikirudi? Nirudi lini? Nyumbani, kila akianguka, uandike tarehe, saa na ulichoona. Kama hujui kuandika, mtoto wa shule atakuandikia. Daftari hilo lina thamani kuliko mbuzi uliyetaka kumpa mpiga ramli.

Kuomba Mungu ni vizuri. Uombe njiani, ukienda hospitali.

Tunajua hofu ya watu wetu. Tangu Ebola ilipotangazwa Mangina mwezi wa 8 mwaka 2018, mpaka ilipotangazwa kwisha mwezi wa 6 mwaka 2020, watu zaidi ya 2,200 walikufa, na wamama wengi waliogopa kuleta mtoto mwenye homa. Lakini malaria haikungoja. Iliongezeka sana katika Beni mwaka ule wa 2018, hata mwezi wa 11 ikafanywa kampeni ya siku 4 ya kugawa dawa yake na vyandarua, iliyopangwa kufikia watu 450,000. Homa ya mtoto haijulikani kwa kuitazama. Inajulikana kwa kuipima.

MAMA, UKUMBUKE

Kwa ubavu, si chali, akiwa anatetemeka au hajaamka.
Hakuna kitu kinywani.
Hesabu muda.
Ukumbuke ulichoona, si ulichosikia.
Uje naye, uje na fishi, uje na aliyeona.

Leo ukirudi nyumbani, umfundishe mtu mmoja: bibi wa watoto, au binti yako mkubwa anayelea wadogo zake. Siku mtoto akianguka, pengine wewe utakuwa shambani, na yeye ndiye atakayeona.