Landrova Yetu, Sentimeta 10 kwa 1

Ndugu wanakisomo, mnaikumbuka Landrova ya kijiji, ile tuliyoinunua kwa fedha za pamba. Ilibeba mbolea, ikabeba kina mama kwenda kujifungua. Sasa imeuzwa vipande vipande na watoto wetu hawaijui. Basi tunatengeneza nyingine, ndogo, ya kuweka darasani.

Kila sentimeta 10 za gari zitakuwa sentimeta 1. Je, tutapimaje gari ambalo halipo? Jina lake linatusaidia. Iliitwa 109 kwa sababu kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni inchi 109. Inchi moja ni sentimeta 2.54. Zidisheni: karibu sentimeta 277. Yetu itakuwa 27.7. Gurudumu lilikuwa na kimo cha kama sentimeta 80, kwa hiyo tutakata ndala mviringo wa sentimeta 8. Msikate kwa kukisia, jamani! Gurudumu moja likizidi, gari litachechemea.

Bodi tutaikata kwenye sufuria kuukuu. Landrova zilipoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, chuma kilikuwa adimu baada ya vita, ndiyo maana bodi ikawa ya alumini. Fremu ya chini ilikuwa ya chuma. Hiyo ndiyo iliyoliwa na kutu hata tukaiuza.

Wengine wanasema mlango wa nyuma tusiuonyeshe ulivyobonyea. Sisi tunasema tuuonyeshe. Mzee dereva aligonga mti usiku akigeuza gari ili amwahishe mgonjwa, na mgonjwa akapona. Jumatano mzee atakuja kutuonyesha palipobonyea. Njooni na rula.