Treni ya Abiria ya Reli ya Kati: Nani Atailipia?

(Mada iliyotolewa katika mkutano wa wananchi wa kata)



Swali linaloulizwa katika kila kijiji kilicho kando ya reli ni hili: reli ya kisasa ikishafika, treni ya zamani itaendelea kusimama kwetu? Swali hilo ni la fedha kabla ya kuwa la vyuma, nami nitalijibu kwa njia hiyo.

Reli tuliyo nayo ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, kilomita 1,252 kutoka Dar es Salaam. Kwa njia ndefu namna hii, nauli ya abiria haitoshi kutunza mataruma, madaraja na vichwa vya treni. Shehena na hazina ya serikali hujazia. Ndiyo maana mwendeshaji anayetafuta faida hutazama mabehewa ya mizigo kwanza. Mwaka 2007 shirika hili lilikabidhiwa kwa ubia na kampuni ya RITES ya India, yenye asilimia 51 ya hisa, kwa mkataba wa miaka 25. Ubia huo haukufika hata miaka mitano. Ulivunjika mwaka 2011. Sheria ya Reli ya mwaka 2017 ikairejesha TRC kuwa shirika moja la umma. Kwa maoni yangu, huduma ya abiria inahitaji mlipaji aliyetajwa wazi katika bajeti, awe nani mwendeshaji.

Wapo wasemao kwamba lami imefika, treni ya nini tena? Basi linafaa kwa mwenye begi moja. Mama mwenye magunia matatu ya mpunga, mwenye madumu ya mawese kutoka Kigoma, mgonjwa asiyeweza kukaa kitako usiku kucha, hao basi huwatoza zaidi au huwaacha.

Tena sisi si waombaji tu. Tangu mwaka wa fedha 2015/16 upo ushuru wa maendeleo ya reli, ulioanza kwa asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa zinazoingizwa nchini. Anayenunua tairi la baiskeli iliyotoka ng'ambo dukani hapa amechangia reli, ingawa risiti haimwambii hivyo.

Reli ya kisasa ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na mwezi uliofuata ikafika Dodoma. Ni kazi ya kujivunia. Lakini hesabuni vituo: Dar es Salaam, Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere, Morogoro. Sita tu, katika kilomita zipatazo 200. Treni ya kasi haiwezi kusimama kila penye mwembe. Ikisimama, si ya kasi tena. Basi vijiji vilivyo katikati vitahudumiwa na nani?

Jirani zetu wa Kenya walikutana na jambo hili mwaka 2017. Treni ya zamani ya abiria kati ya Nairobi na Mombasa ilisitishwa, na ile mpya ikaanza. Baadaye iliwekwa treni inayosimama katika vituo vya kati kama Emali, Mtito Andei na Voi. Vituo vidogo vya njia ya zamani visivyokuwa karibu na hivyo vilibaki bila treni ya abiria. Hakuna aliyewachukia watu wa vituo hivyo. Hawakuwamo katika hesabu.

Sisi tuwemo katika hesabu mapema. Nauli na masharti ya huduma husimamiwa na LATRA, ambayo hukusanya maoni ya wadau kabla ya kupanga nauli. Ombi la kata lenye takwimu husomwa. Malalamiko ya jumla huwekwa kabatini. Kwa hiyo tuhesabu kwa miezi mitatu abiria wanaopanda na kushuka katika stesheni yetu, mizigo yao, na waliokosa nafasi. Barabara ya kutoka stesheni hadi sokoni nayo iingizwe katika maombi yetu kwa TARURA, kwani stesheni isiyofikika masika haitakuwa na hoja.

Madaftari ya hesabu yako kwa Watendaji wa Vijiji. Kila kijiji kiteue watu wawili, na majina yao yamfikie Mtendaji wa Kata kabla ya kikao kijacho cha Kamati ya Maendeleo ya Kata.