UONGOZI USIWE ADHABU
Hotuba ya Mwenyekiti siku ya kutimiza miaka 10



Habari za hisa na mikopo atawasomea Mhazini. Sisi wa kamati inayomaliza muda tunataka kusema juu ya uongozi, maana leo baada ya chakula tunachagua kamati mpya, na mpaka sasa nafasi ya Mwenyekiti haina mwombaji hata mmoja.

Mabwana wanatuuliza, si nyinyi mliokuwa mnalia mnanyimwa uongozi? Ni kweli tulilia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema Baraza la Ardhi la Kijiji liwe na wajumbe 7, na wanawake wasipungue 3. Machi 2021 Mama Samia Suluhu Hassan akaapishwa, Rais wa kwanza mwanamke wa Tanzania. Lakini yupo mjumbe mwanamke anayefika kikaoni akaambiwa, "Mama, hebu tuangalizie chai." Akirudi na birika, jambo limeshaamuliwa. Huyo kahesabiwa tu. Kazi hiyo ataifurahiaje?

Hapa kwetu sanduku lina kufuli 3. Funguo wanashika akina mama 3 wa nyumba mbalimbali, na Mwenyekiti hana hata mmoja. Fedha zinahesabiwa kwa sauti mbele ya wote, hata asiyejua kusoma anasikia. Basi hakuna wa kumnong'ona mwenzake, na kiongozi anapata usingizi. Kwetu sisi hiyo ndiyo raha ya kazi, wala siyo kukalia kiti cha mbele.

Kinachotuchosha ni kingine. Mwanachama anagonga mlango saa nne ya usiku, anataka mkopo. Mume naye kitandani anauliza, "Hicho kikundi kinakulipa nini?" Ukidai rejesho unaitwa jeuri, mwanaume akidai vile vile wanasema ni mchapakazi. Ndiyo maana siku ya kupendekeza majina akina mama wenye uwezo wanajificha nyuma ya wenzao, na mabinti zetu waliofika kidato cha nne wanasema wana watoto wachanga. Wana haki ya kuogopa.

Kwa hiyo kamati imekubaliana hivi. Kuanzia leo mkopo unaombwa kikaoni, siyo mlangoni kwa mtu. Ugonjwa na msiba apelekewe Katibu, yeye na Mhazini watafungua mfuko wa jamii pamoja na wenye funguo. Siku ya kikao kiongozi haingii jikoni. Chai ni zamu, na mabwana wanaopenda kuja kusikiliza nao wapo kwenye zamu. Msicheke, tumeshaandika! Nanyi waume zetu tunawaomba, siku hiyo mama asikute ndoo tupu nyumbani.

Katibu anapokea majina mpaka saa tisa, pale chini ya mwembe. Anayejua kuandika amwandikie na mwenzake.