Gari Likilaliwa Huwa Nyumba

Matini ya mada iliyotolewa kwa wakazi wa kata na mafundi wa gereji kuhusu kugeuza gari kuukuu kuwa gari la safari na malazi



Wahenga walisema msafiri ni maskini hata akiwa sultani. Umaskini huo si wa fedha peke yake. Ni wa kukosa pa kulaza ubavu, maji ya kunawa na moto wa kupikia pale usiku unapomkuta mtu mbali na kwao. Ndiyo maana wapo wanaochukua Hiace iliyochoka kubeba abiria, wakaing'oa viti, wakaweka kitanda, jiko na madumu ya maji. Mfanyabiashara azungukaye minada wiki baada ya wiki, fundi wa visima ahamaye kijiji hadi kijiji, mstaafu atakaye kuwatembelea wanawe kutoka Mtwara hadi Kigoma bila kulipia nyumba ya wageni kila usiku: kila mmoja ana sababu yake, na sababu zote ni njema.

Wazo lenyewe si geni. Volkswagen ya Ujerumani ilianza kuunda basi lake dogo mwaka 1950, na mwaka uliofuata kampuni ya Westfalia ikaanza kulitengenezea vifaa vya kulalia na kupikia. Tangu hapo watu wa nchi nyingi wamefanya hivyo kwa magari ya kila aina, wengine kwa mikono yao wenyewe.

Lakini liko jambo ambalo kila mwenye nia hii hana budi kulishika kwanza. Gari likitembea ni chombo. Likilaliwa ni nyumba. Anayeligeuza hujitwika wajibu wa vyote viwili. Mafundi wengi huikagua kazi yao mchana, gari limesimama gerejini na milango i wazi. Gari la namna hii lapaswa kupimwa usiku: milango imefungwa, mvua inanyesha, na watu wamelala ndani.

Kazi huanzia chini ya gari

Fedha ya kwanza isiende kwenye godoro wala mapazia. Iende kwenye breki, usukani, matairi na kutu. Sakafu ya gari kuukuu ifunuliwe yote, ipigwe brashi ya waya, na palipoliwa pakatwe na kuchomelewa bati jipya kabla ya kufunikwa kwa plaiwudi. Kutu iliyofunikwa haifi. Huendelea kula gizani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa gari ni ghali kuliko wa nyumba.

Matairi yasitazamwe kashata peke yake. Ubavuni mwa tairi huwa na tarakimu nne za wiki na mwaka wa kuundwa: 1519 maana yake ni wiki ya 15 ya mwaka 2019. Tairi lililozeeka laweza kupasuka ingawa kashata zake bado zimesimama.

Katika Hiace nyingi za zamani injini iko chini ya viti vya mbele. Kifuniko chake na mpira unaokizunguka vikaguliwe kwa makini, kwa kuwa hapo ndipo joto na moshi hupata njia ya kuingia chumbani. Bomba la moshi nalo lisiwe na tundu popote.

Uzito

Kila gari limepangiwa uzito usiopaswa kuzidishwa, na uzito huo hujumuisha watu, mafuta, maji na kila ubao uliopigiliwa. Lita moja ya maji ni kilo moja. Madumu matatu ya lita 20 ni kilo 60, sawa na mtu mzima mmoja. Vigae na mbao nene za mninga hupendeza sebuleni, si garini. Vitu vizito viwekwe chini, karibu na katikati ya gari, na vigawanywe kulia na kushoto. Mzigo mzito ukiwekwa juu ya paa, gari huyumba kwenye kona na kuwa jepesi kupinduka.

Kila kilichomo kifungwe kwa bolti kwenye bodi. Kabati lililosimamishwa kwa misumari huwa kombora siku ya breki ya ghafla. Kitanda si kiti: gari likitembea, kila mtu aketi kwenye kiti chenye mkanda.

Hewa na moto

Hapa ndipo penye roho za watu.

Jiko la mkaa lisiingizwe kamwe ndani ya gari la kulala, hata kama moto umebaki makaa machache, hata kama baridi ya Njombe au Lushoto inauma. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Anayeivuta huanza kuumwa kichwa na kulegea. Aliye usingizini huenda asiamke. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi kuwa kinga. Vivyo hivyo, injini isiachwe ikinguruma ili kupooza gari huku watu wamelala, wala jenereta isiwashwe karibu na dirisha.

Mtungi wa gesi ya kupikia nao una tabia yake. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutulia sakafuni na kungoja cheche. Kwa hiyo mtungi ukae wima ndani ya sanduku lililofungwa upande wa chumba, lenye tundu chini la kutolea gesi nje ya gari. Mpira na rekuleta vipimwe kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Lililo bora zaidi ni kupikia nje, chini ya turubai.

Chumba kiwe na matundu mawili ya hewa, moja chini na jingine juu, yote yakiwa na wavu wa kuzuia mbu. Kisha patazamwe njia ya kutokea. Katika magari mengi ya mizigo mlango wa nyuma haufunguki kutoka ndani. Kasoro hiyo irekebishwe kabla kitanda hakijawekwa, ili waliolala wawe na milango miwili ya kukimbilia. Kizimamoto kiwekwe mahali mkono unapofika mlangoni, si nyuma ya mizigo. Namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Iandikwe ndani ya gari.

Umeme

Taa na feni zisitegemee betri ya kuwashia injini, maana alfajiri gari halitawaka. Iwekwe betri ya pili, na hesabu ifanyike kabla ya kununua. Taa tatu za wati 5 kwa saa 4 hutumia wati-saa 60. Feni ya wati 20 kwa saa 8, wati-saa 160. Simu mbili, kama 30. Jumla ni 250 kwa usiku mmoja. Betri ya volti 12 yenye uwezo wa ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini betri ya asidi haifai kushushwa chini ya nusu mara kwa mara. Zinabaki 600, yaani usiku mbili bila jua. Paneli ya wati 100 hurudisha matumizi hayo kwa siku yenye jua zuri, na juu ya paa hutoa kivuli pia iwapo imeachiwa nafasi ya hewa chini yake.

Fyuzi ifungwe karibu kabisa na kichwa chanya cha betri. Waya mwembamba usio na fyuzi ukigusana na bodi huwaka kama utambi. Betri ya asidi hutoa gesi iwakayo inapochajiwa, hivyo sanduku lake liwe na mahali pa kutolea hewa nje.

Nyaraka na maji machafu

Kadi ya usajili hutolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania. Mwenye gari aulize huko na kwa Polisi wa Usalama Barabarani kabla ya kukata bati, ili maelezo ya kadi yafanane na gari lenyewe. Kampuni ya bima nayo ielezwe mabadiliko ya matumizi. Bima iliyokatiwa gari lisilofanana na lililopo huzua ubishi siku ya ajali.

Maji ya kuoshea vyombo na uchafu wa choo cha ndoo havimwagwi mtoni, kisimani wala kando ya barabara. Vipelekwe chooni. Na ndani ya hifadhi za taifa, kulala huruhusiwa katika maeneo yaliyotengwa, si popote jua lizamiapo.

Ndugu wakazi,

Kazi hii ina riziki kwa vijana wa kuchomelea, mafundi seremala na mafundi umeme wakishirikiana. Lakini jina la gereji halitajengwa kwa rangi ya kabati. Fundi amwombe mwenye gari kulala humo usiku mmoja nyumbani kwake, uani, kabla ya safari. Afunge milango, azime taa, kisha ajaribu kutoka gizani kwa mlango wa mbali. Akipapasa bila kuufungua, kazi haijaisha, na gari lirudi gerejini.