Hesabu ya Saa, Siku na Tarehe katika Kiswahili



Miaka mingi iliyopita mwanafunzi wangu mmoja alikosa mtihani. Tangazo lilisema "saa 3:00". Yeye alifika saa tisa alasiri. Wenzake walikuwa wameufanya tangu saa tatu asubuhi. Aliambiwa hajui kusoma saa. Naamini alionewa. Aliyekosea ni mwandishi wa tangazo, aliyeweka tarakimu bila kutaja asubuhi wala alasiri.

Wapo wanaodai kwamba Mswahili huisoma saa kinyume. Dai hilo halina msingi. Hapa Morogoro, takribani nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, tofauti ya urefu wa mchana baina ya Juni na Desemba haifiki saa moja. Mkulima ateremkaye na ndizi kutoka milima ya Uluguru huhesabu tangu kunapokucha, na saa moja kwake ni saa ya kwanza ya mchana. Jua likitua, hesabu huanza upya. Uso wa saa ndio uliotengenezwa kwa hesabu nyingine, ile inayoanzia usiku wa manane na adhuhuri.

Siku nazo zina mianzo miwili. Jumamosi hadi Jumatano zimehesabiwa kwa namba za Kibantu, kuanzia kesho yake Ijumaa. Alhamisi imetoka katika Kiarabu, ambako hesabu huanzia Jumapili. Ndiyo maana tuna siku mbili za "tano" zinazofuatana, na hakuna anayeshtuka!

Tena, kwa desturi ya Waswahili wa pwani, siku huanza magharibi. Kwao "usiku wa Ijumaa" hutangulia mchana wa Ijumaa. Kwa msomaji wa kalenda ya ukutani, huufuata. Shahidi mahakamani aweza kupotosha kesi kwa maneno hayo matatu bila kusema uongo. Waandishi wa habari hulikwepa tatizo kwa kuandika "usiku wa kuamkia Ijumaa", msemo ambao, kwa maoni yangu, una manufaa kuliko istilahi nyingi tulizobuni vikaoni.

Kuhusu tarehe nitasema machache. Husemwa tarehe mosi na tarehe pili, lakini kuanzia tatu namba hubaki ile ile ya kuhesabia. Mei Mosi imehifadhi umbo hilo la kale. Nane Nane, iadhimishwayo Agosti 8 katika viwanja vyetu hapa mjini, imeacha hata neno "tarehe" na neno "mwezi": nane ya kwanza ni siku, ya pili ni mwezi.