Sungura wa Maabara na Uvimbe wa Mtoto

Leo tutazungumza kuhusu uvimbe tumboni mwa mtoto, na pia kuhusu sungura. Ndiyo, sungura. Kaa karibu na redio usikie vinavyohusiana.

Tuchukue mfano. Mama anamwogesha mtoto wake wa mwaka mmoja na nusu. Mkono wake unagusa kitu kigumu upande mmoja wa tumbo. Mtoto anacheza, hana homa. Jirani anasema ni bandama. Nyanya anasema ni minyoo. Mama huyu afanye nini? Asilikande tumbo wala kulibonyezabonyeza. Ampeleke mtoto kituo cha afya bila kuchelewa, na aseme wazi, "Nimegusa uvimbe." Akiona damu katika mkojo, aseme pia.

Huenda uvimbe huo uko kwenye figo. Saratani ya figo inayowapata watoto wadogo zaidi huitwa Wilms, na wengi wao hawajafika miaka 5. Ikigunduliwa mapema na tiba ikamalizwa, watoto wengi hupona. Lakini iko nyingine, adimu na kali zaidi, iitwayo rabdoidi, ambayo hupenda watoto wachanga na wale wa chini ya miaka 2. Katika picha za hospitali, saratani hizi mbili zaweza kufanana. Matibabu yake hayafanani. Sasa daktari atazitofautishaje?

Hapo ndipo sungura anapoingia.

Ndani ya karibu kila seli ya mwili mna maagizo ya uhai, yaani DNA. Yakinyooshwa yana urefu wa karibu mita 2, kwa hiyo hukunjwa sana ili yaenee. Fikiria leso iliyokunjwa ndani ya sanduku. Huwezi kusoma jina lake mpaka uikunjue. Katika seli, kazi hiyo ya kukunja na kukunjua hufanywa na kundi la protini, na mojawapo huitwa INI1. Mwaka 1998, watafiti walionyesha kwamba katika saratani ya rabdoidi, jeni ya protini hii imeharibika. Ikikosekana, maagizo husomwa ovyo na seli huongezeka bila mpango.

Protini hii haionekani hata kwa darubini ya kawaida. Kwa hiyo sungura hudungwa kipande chake. Mwili wa sungura hukiona kuwa mgeni na kutengeneza kingamwili za kukikamata, kama vile mwili wa mwanao unavyofanya anapochanjwa surua. Kingamwili hizo hupatikana katika damu ya sungura, na siku hizi nyingine hutengenezwa katika chupa za maabara. Maabara nyingine hutumia za panya, lakini kazi ni ile ile.

Kipande cha uvimbe hukatwa chembamba kuliko unywele na kuwekwa juu ya kioo. Kingamwili huwekwa hapo, kisha rangi. Penye protini, kiini cha seli huwa kahawia. Katika rabdoidi, seli za saratani hubaki buluu, huku zile za mishipa ya damu iliyo kando yake zikiwa kahawia. Hiyo kahawia ya kando ni ushahidi kwamba kipimo kimefanya kazi. Daktari hulinganisha jibu hilo na vipimo vingine, ndipo aamue tiba.

Huenda ukauliza, "Je, mtoto wangu atatiwa damu ya sungura?" La, mama. Kingamwili hiyo huishia juu ya kioo. Haiingii mwilini mwa mtoto hata kidogo.

Wala usijilaumu. Uvimbe huu si laana, wala hautokani na chakula ulichokula ukiwa mjamzito. Mara nyingi jeni huharibika yenyewe. Watoto wengine huzaliwa na kasoro hiyo, na ndiyo sababu daktari aweza kukuuliza habari za ndugu zake. Mjibu bila kuficha.

Sasa tukumbuke mambo matatu. Kwanza, ukigusa uvimbe, usikande; nenda hospitali. Pili, daktari akisema kipande kitapelekwa maabara, uliza kinapimwa nini na jibu litatoka lini. Tatu, jibu likikawia, usimpeleke mtoto nyumbani ukakata tamaa. Rudi ukaliulizie. Dawa iliyotolewa kwa kubahatisha yaweza kumpotezea mtoto siku ambazo hana.

Mweleze na jirani yako.